Kivugo na Ombi: Juu ya Lugha ya Kuwatambulisha Watayarishaji Huru wa Muziki wa Kiasia kwa Wateuzi wa Nyimbo

Barua ya kumtambulisha mwanamuziki haijapata kuhesabiwa miongoni mwa maandishi yastahiliyo uhakiki. Ni fupi mno. Hutupwa ikiisha kusomwa. Na aghalabu mwenye kuiandika hujificha nyuma ya jina la msanii au la kampuni. Walakini ndiyo inayoamua siku hizi kama wimbo utasikiwa na watu mia au na watu milioni, na kwa sababu hiyo peke yake yafaa itazamwe kwa macho yale yale yatazamayo shairi au hotuba. Makala haya yaitazama katika fungu lake moja: barua zinazowatambulisha watayarishaji huru wa muziki wenye asili ya Asia ya Kusini, yaani watu wa India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka na Nepal, walio kwao na walio ughaibuni, ambao hawana kampuni kubwa ya kuwasemea. Kipimo kitakachotumika hakikutoka London wala Mumbai. Kimetoka Ihangiro, nchi ya Wahaya ambamo Rubya imo, kwa sababu huko palikuwa na fani kamili ya kusema mbele ya mwenye kuteua, na fani hiyo ina kanuni ambazo barua za leo zimezisahau.

Kwanza yafaa kueleza jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Mteuzi ni mtu, na siku hizi pengine ni mashine, anayepanga nyimbo katika orodha ambazo wasikilizaji huzifuata kwa intaneti. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mtangazaji wa redio aliyekaa mbele ya rafu ya santuri. Huduma ya Spotify, iliyoingia India Februari 2019 na kufika Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, ilianzisha mwaka 2018 fomu ambayo kwayo mtayarishaji yeyote aweza kuupeleka wimbo wake mbele ya wateuzi wa huduma hiyo bila kulipa. Wimbo uwe haujatoka bado. Hushauriwa upelekwe siku 7 au zaidi kabla ya siku yake. Tena hupelekwa mmoja tu kwa mara moja. Mpelekaji huulizwa aina ya muziki, hali ya moyo unayoileta, ala zilizopigwa na utamaduni unakotoka, naye huyachagua majibu katika orodha zilizokwisha kuandikwa. Mwisho hupewa kisanduku cha herufi 500, nafasi na vituo vikihesabiwa, aseme kwa maneno yake mwenyewe. Fasihi yote ya barua hii imo katika kisanduku hicho.

Wako watakaosema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli katika soko ambalo mnunuzi aweza kulizunguka lote kabla jua halijachwa. Lakini hesabu zilizotolewa mwaka 2023 zilitaja nyimbo zaidi ya 100,000 zinazoingizwa katika huduma za namna hii kila siku, na hapana sikio liwezalo kulizunguka soko hilo. Kizuri nacho hakina budi kujitembeza. Swali ni kwa maneno gani.

Rubya, katika wilaya ya Muleba, yajulikana zaidi kwa seminari yake na hospitali yake. Lakini kabla ya hayo ilikuwa sehemu ya Ihangiro, na Ihangiro, kama Kiziba na Karagwe, ilikuwa na Mukama wake. Mbele ya Mukama mtu alisimama, mkuki mkononi, akajitaja. Kitendo hicho kwa Kihaya ni okwebuga, na maneno yenyewe ni ebyebugo. Wahakiki wa Kiswahili, M. M. Mulokozi akiwa miongoni mwa waliotangulia, wamezoea kuyaita vivugo au majigambo. Wanyankole wana ebyevugo, ambavyo H. F. Morris alivitolea kitabu mwaka 1964, na Wanyarwanda wana ibyivugo. Fani ni moja iliyoenea kandokando ya maziwa, na mwenye kuijua kwa lugha moja haoni tabu kuitambua kwa lugha ya pili.

Asomaye kivugo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni sifa tupu. Akikirudia kwa makini ataona kwamba vivumishi ni vichache na vitenzi ni vingi. Mwenye kujigamba hatosheki kujiita shujaa. Husema alivuka wapi, aliwakuta akina nani, akafanya nini, na nani alikuwapo akaona. Sifa huzaliwa ndani ya tendo, na tendo limefungwa mahali penye jina. Hata majina ya kujisifia yameundwa kwa vitenzi: kiambishi ru- hutangulia, kitenzi hufuata, na tendo zima huwa jina la mtu. Desturi hiyo haikufia katika vivugo. Laurean Rugambwa, aliyesoma katika seminari ya Rubya na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati za leo, alikuwa na jina la namna hiyo hiyo: kugamba ni kusema, kugambwa ni kusemwa, basi Rugambwa ni yule ambaye husemwa. Ni ajabu ndogo ya sarufi kwamba mtu wa kwanza kutoka pande hizo kusemwa duniani kote alizaliwa na jina lililokwisha kulitaja jambo hilo.

Tena kivugo hakiombi. Mwenye kukisema yu chini ya Mukama, na jambo hilo halifichwi. Lakini hakuja kutaka huruma. Amekuja kusema alichokwisha kutenda na atakachotenda, na Mukama ndiye atakayepata hasara akimwacha. Hapo ndipo tofauti kubwa na barua za leo inapoanza.

Tazama barua ifuatayo. Imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila aliyepata kuzisoma barua za namna hii atakubali kwamba haikuongezwa chumvi:

"Huu ni mchanganyiko wa kipekee wa ladha za Mashariki na midundo ya kisasa, utakaowagusa wasikilizaji wa rika zote. Mtayarishaji ni kijana mwenye kipaji kikubwa na ndoto ya kuufikisha muziki wa Kiasia katika jukwaa la dunia. Tunaomba sapoti yenu."

Mwanaisimu ana jaribio jepesi la kupima maneno: huondoa moja na kuweka jingine mahali pake, kisha hutazama kama maana imebadilika. Ondoa "Mashariki", weka "Afrika". Ondoa "Kiasia", weka "Kihaya". Barua imekuwa ya mpiga enanga wa Rubya, na hapana neno jingine lililohitaji kuguswa. Ondoa tena, weka "Kilatini", nayo itakwenda Amerika ya Kusini bila kikwazo. Maandishi yanayoweza kubeba kila mzigo hayajabeba mzigo wowote. Ndani yake mna vitenzi vitatu vyenye uhai, kugusa, kufikisha na kuomba, na vyote vitatu vyahusu mambo yatakayokuja au yanayotamaniwa. Tendo lililokwisha kutendeka halimo. Mahali pia hapamo: "Mashariki" si mahali, ni upande anaouelekezea uso mtu aliyesimama Ulaya. Kwa mtu wa Pwani ya Afrika, India iko upande ule ule unakotokea upepo wa kaskazi, ambao jahazi zilikuja nao kwa karne nyingi, wala hapana aliyeona kwamba mizigo yake ina ladha ya upande wa dunia.

Neno "Kiasia" ndilo lenye madhara zaidi, kwa kuwa lina sura ya habari. Msikilizaji aweza kudhani kwamba limemwambia kitu. Kiswahili chenyewe hakina haki ya kujisifu katika jambo hili, kwa maana neno letu la mtaani, Mhindi, limewafunika Wagujarati, Wakachchi, Wapunjabi, Wagoa na hata watu wa Pakistan, waliokaa Bukoba, Kampala na Mombasa wakizungumza lugha mbalimbali majumbani mwao. Muziki wao nao haukuwa mmoja. Wagoa walijulikana kwa bendi zao za dansi. Masingasinga wa Punjab walikuja na dholaki na nyimbo za harusi. Misikiti na mahekalu yalikuwa na sauti nyingine kabisa. Kuyaweka yote katika neno moja ni sawa na kuliita kundi la nyimbo za Wahaya, Wasukuma, Wamakonde na Wagogo "ngoma za asili", kisha kudhani kwamba kazi ya kueleza imekwisha. Na kwa hakika hivyo ndivyo zilivyofanyiwa.

Hasara ya majina haya si ya hisia tu. Katika mfumo wa kimataifa wa alama za lugha, orodha ya zamani ina herufi mbili kwa kila lugha: Kiswahili ni sw, Kigujarati ni gu, Kipunjabi ni pa. Kikachchi hakimo katika orodha hiyo, wala Kihaya hakimo. Mtu hana budi kushuka katika orodha ndefu ya herufi tatu ndipo akikute Kikachchi kuwa kfr na Kihaya kuwa hay. Chombo chochote kilichojengwa juu ya orodha fupi kitamlazimisha Mkachchi kujiandika Mgujarati, na Mhaya kujiandika Mswahili au kutojiandika kabisa. Mteuzi aliyekaa mbali hatajua kwamba kuna kitu kilichoondolewa, kwa sababu kilichoondolewa hakikuacha alama. Basi kile kisanduku cha herufi 500 ndicho mahali pekee ambapo jina la kweli la lugha laweza kuingia, na mwandishi wa barua amekitumia kusema "kipekee".

Haikuwa hivi siku zote, na hapa historia ya Afrika ya Mashariki ina jambo la kufundisha, maana watu wa asili ya Asia walikuwa miongoni mwa watayarishaji wa mwanzo wa muziki wetu wenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafirishwa kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake aliona wazi kwamba safari ile ilikuwa na maana kupita muziki. Baadaye, Mombasa, duka la Assanand na Wanawe lilitoa santuri za taarabu kwa nembo ya Mzuri. Kericho, katika nchi ya majani ya chai, A. P. Chandarana alitoa santuri za Wakipsigis, Wajaluo na majirani zao. Watu hawa walikuwa huru kwa maana kamili ya neno: duka lao, fedha yao, hasara yao. Nao hawakuandika barua ndefu kwa mtu yeyote. Utambulisho wao ulikuwa karatasi ya duara katikati ya santuri, pana kama kiganja, na juu yake mara nyingi palipigwa chapa jina la mwimbaji, jina la wimbo, na jina la lugha.

Jina la lugha kwenye karatasi ile halikuwekwa kwa mapenzi ya isimu. Mwenye duka alijua kwamba Mkipsigis aliyeshuka kutoka shambani na mshahara wake hataki "muziki wa Kiafrika". Ataka wimbo wa lugha yake, na ikiwezekana wa mtu anayemjua. Biashara ndiyo iliyomfundisha usahihi. Hapa pana kinyume cha kushangaza: wafanyabiashara wa Kiasia waliwaandika Waafrika kwa majina ya lugha zao, huku wajukuu wa tabaka lile lile, wakipeleka nyimbo zao wenyewe kwa wateuzi wa leo, wanajiandika kwa jina la bara zima. Sababu haiko mbali. Mwenye duka wa Kericho alimwuzia msikilizaji moja kwa moja. Mtayarishaji wa leo humwuzia mteuzi kwanza, naye humdhania mteuzi kuwa mtu asiyejua kitu, akamrahisishia hata pakawa hapana kilichosalia cha kujua.

Yafaa kumchukua mtu mmoja aliye dhahiri. Kuljit Bhamra alizaliwa Nairobi mwaka 1959, katika jamii ya Wapunjabi ambayo mizizi yake katika Kenya yarudi nyuma mpaka siku za kujengwa kwa Reli ya Uganda. Alikulia Southall, London, akawa mpiga tabla na mtayarishaji wa muziki wa bhangra, akaanzisha nembo yake mwenyewe iitwayo Keda. Mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, alikuwa mwimbaji wa harusi na wa mahekalu ya Masingasinga. Mwaka 1982 mama na mwana walitoa albamu iitwayo Punjabi Disco, ambamo sauti ya mama ilipandishwa juu ya sinthesaiza na mashine ya ngoma. Haikuvuma sana wakati ule. Baada ya miaka zaidi ya 40, mwaka 2025, ilitolewa upya na kutafutwa na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka.

Jina lenyewe la albamu ni utambulisho bora kuliko barua iliyonukuliwa hapo juu. Lina maneno mawili. La kwanza ni lugha na watu, la pili ni mwendo wa miguu. Jaribio la kubadilisha maneno halipiti hapa, kwa maana ukiondoa lolote umeondoa santuri yenyewe. Kama ingekuwa lazima kuipeleka kwa mteuzi wa leo kwa kanuni za Ihangiro, barua yaweza kusomeka hivi:

"Southall, London, 1982. Mama aliyezoea kuimba harusini aimba kwa Kipunjabi. Mwanawe, mpiga tabla aliyezaliwa Nairobi, amwekea chini ya sauti sinthesaiza na mashine ya ngoma. Maneno ni ya nyumbani. Mwendo ni wa ukumbi wa disko."

Haikufika nusu ya kisanduku. Haina kivumishi hata kimoja cha kusifu. Mteuzi hakuambiwa ahisi nini. Ameonyeshwa watu wawili na kazi waliyoifanya, na kama ana akili ya muziki ameshaanza kuusikia wimbo kabla hajaufungua. Ndivyo kivugo kilivyofanya kazi: aliyesikia alipewa mto, mkuki na shahidi, akaachiwa mwenyewe kulitamka neno "shujaa".

Itapingwa kwamba majina mapana yamepata kuwafaa watu hawa hawa. Pingamizi hilo lina nguvu. Mwaka 1997 Talvin Singh alitoa mkusanyo ulioitwa Anokha, ambao jina lake la pili lilitangaza kuwapo kwa muziki wa Kiasia wa chini kwa chini mjini London. Mwaka 1999 albamu yake OK ilipata Tuzo ya Mercury. Bila ya jina lile la jumla, wahariri wa magazeti ya Kiingereza wasingaliona kwamba kuna kundi la kuandikwa. Jina lilifungua mlango. Lakini lilipokwisha kuufungua lilikaa mlangoni: kila mtayarishaji mwenye jina la Kihindi au la Kipakistani alitazamiwa kupita humo, apige asipige tabla, na mtindo ulipochakaa machoni mwa magazeti walichakaa nao watu ambao hawakuwa na undugu wowote na mtindo ule. Jina la kundi ni kama shamba la ukoo. Humlisha kila mtu mwaka wa mvua, na mwaka wa ukame hakuna aliye na kihamba chake.

Mfano wa upande wa pili watoka Bukoba. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa albamu ya Maria Salome, akiimba kwa Kihaya, na wimbo wenye jina hilo ukapigwa Tanzania nzima na kuvuka mpaka kuingia Uganda. Waliocheza Mtwara na Tanga hawakujua Kihaya. Walishika kipande kifupi cha Kiswahili kilichomo, wakauita wimbo kwa kipande hicho, na yaliyobaki wakayaacha yawe ya Kihaya. Hapana aliyelazimika kuambiwa kwamba ni "mchanganyiko wa ladha". Kila mtu alisema ni wimbo wa Kihaya wa mwanamke wa Kihaya, na jina hilo la lugha halikumpunguzia hata msikilizaji mmoja. Wimbo huo ulipopewa sura mpya mwaka 2016 na Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny, kilichobaki katika jina ni Salome peke yake, na sehemu kubwa ya maneno ikawa ya Kiswahili. Huo ni wimbo mwingine na hauhitaji kulaumiwa hapa. Yatosha kusema kwamba ulipita juu ya barabara iliyokwisha kulimwa kwa jembe la Kihaya.

Neno lililofichwa zaidi katika barua mbovu ni lile la mwisho, "sapoti". Limeenea katika Kiswahili cha wanamuziki mpaka limekuwa kama salamu: mtu hapeleki tena wimbo, aomba sapoti. Kisarufi ni nomino isiyo na mtendaji wala mwisho. Haisemi nani afanye nini, kwa muda gani. Kimaana humgeuza mteuzi kuwa mfadhili na wimbo kuwa mgonjwa. Tena humfungulia mlango mtu wa tatu, yule anayeahidi kwa malipo kwamba wimbo utaingia katika orodha. Biashara hiyo si mpya. Marekani ilibadili sheria yake ya utangazaji mwaka 1960 kwa sababu ya watangazaji waliopokea fedha kwa siri ili wapige santuri fulani, na huduma za leo nazo hukataza kununua nafasi katika orodha. Walakini anayeandika kama mwombaji asishangae akijibiwa kama mwombaji. Mshenga mwema katika desturi za Waswahili hakuenda kuomba sadaka kwa wazazi wa binti. Alikwenda kueleza kijana ni mwana wa nani, anakaa wapi na anafanya kazi gani, na heshima ya pande zote mbili ililindwa na ukweli wa maelezo hayo.

Kivugo nacho kina mipaka, na mhakiki asiitaje atakuwa amefanya kosa lile lile la kusifu bila kupima. Mukama aliyekisikiliza aliijua mito iliyotajwa. Jina la kilima lilitosha kumletea macho ya vita. Mteuzi aliyeko Mumbai au Stockholm hakijui kilima chochote cha Ihangiro, wala Mtanzania hajui mitaa ya Southall. Jina la mahali likisimama peke yake laweza kuwa sauti tupu. Kwa hiyo kila jina lahitaji neno moja au mawili ya kulishika mkono: "magharibi ya Ziwa Viktoria", "katika nchi ya chai". Ufundi wote umo katika kuchagua lipi lishikwe na lipi liachwe. Wengi huandika tafsiri ya kila kitu, hata barua ikawa kamusi. Jambo la pili ni urefu. Kivugo kilidumu kadiri pumzi na idhini ya msikilizaji zilivyoruhusu, na utenzi wa enanga huenda mbali kupita hapo. Santuri za zamani za mizunguko 78 zilibeba dakika tatu au zaidi kidogo kwa upande mmoja, na hilo lilikuwa tabu ya kutosha kwa mafundi kama Habibu Selemani, ambaye tenzi zake Mulokozi amezichunguza kwa kina. Huduma za leo hazikatazi wimbo mrefu, ila Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Fundi wa enanga, sekunde 30 zikiisha, huenda bado anaupasha moto uzi wake.

Na tuseme kuwa fundi mmoja wa Rubya, kijana asiye na kampuni, ameurekodi utenzi wake na ataka kuupeleka. Yuko katika hali ile ile ya mtayarishaji wa Kikachchi: lugha yake haimo katika orodha fupi, ala yake haijulikani, na neno pana limeandaliwa limsubiri, kwake "asili" na kwa mwenziwe "Kiasia". Kanuni za utangazaji za Tanzania hutaka matangazo yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo hata redioni wimbo wake wa Kihaya utatambulishwa kwa lugha isiyo yake. Barua yake yaweza kuwa hivi:

"Ihangiro, magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwanamume mmoja na enanga: ubao uliochongwa mfano wa chano, uzi mmoja uliopitishwa juu yake mara nane. Aimba kwa Kihaya habari za Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Uzi huanza peke yake. Sauti huja baadaye."

Sentensi ya mwisho imewekwa kwa ajili ya zile sekunde 30, ili mteuzi asidhani kwamba hakuna mtu anayekuja. Neno litakaloleta ubishi ni enanga. Wafasiri wa Kiswahili wamezoea kuweka zeze, na wengine kinubi. Zeze ni ala yenye mkono, na sehemu nyingi hupigwa kwa upinde. Kinubi kina nyuzi zilizotandwa hewani katika fremu. Enanga haina mkono wala upinde, na nyuzi zake zimelala juu ya ubao wake. Aandikaye "zeze la Kihaya" amempa mteuzi picha ya ala nyingine, naye akiufungua wimbo atasikia kitu asichoahidiwa. Enanga na ibaki enanga, pamoja na ule ubao wa mfano wa chano. Herufi zilizosalia katika kisanduku ni karibu nusu, na zaweza kuachwa wazi.